Kikombe cha Chini ya Sinki

Jemima alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauna dawa hospitalini, nao ni hofu ya mtoto. Angeline akikohoa, mama yake ameshaona jeneza. Angeline akichelewa kujibu simu, mama yake ameshawapigia watu watatu wa kanisani na kuwaomba wafunge. Na msichana mwenyewe ana miaka ishirini na sita, ni nesi, anakaa na wenzake Selly Oak, Birmingham, katika nyumba yenye baiskeli tano mlangoni, na kila Jumapili mama humpelekea chakula kwenye mikebe utadhani amelazwa wodini.

Basi siku Angeline aliposema ana mchumba, Jemima aliketi. Aliposema mchumba huyo ni Ajit, Jemima akainuka tena na kucheka kwa raha, kwa sababu Ajit alikuwa mtoto wa Balbir, na Balbir alikuwa rafiki yake wa chanda na pete.

Walifanya kazi pamoja mtaa wa Tyseley, nyuma ya kiwanda cha kuchoma taka, kwenye jiko kubwa la kutengeneza sambusa za kuuzwa madukani. Wanawake kumi na wanane, kofia za wavu kichwani, glavu za buluu mkononi. Karibu wote walikuwa Wahindi wa Punjab. Jemima, Mwafrika peke yake, siku ya kwanza alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia kwenye matanga yasiyo yake, mpaka mama mmoja mfupi mwenye miwani akamwambia kwa Kiswahili, "Wewe ni wa wapi, dada? Usiseme Nairobi. Kila mtu husema Nairobi."

Huyo ndiye Balbir. Alizaliwa Kisumu, akaolewa Uingereza akiwa na miaka kumi na tisa, na Kiswahili chake kilikuwa kimekaa ndani yake miaka yote hiyo kama nguo ya sandukuni. Kilitoka na mikunjo yake, lakini kilimwenea. Tangu siku hiyo wakakunja sambusa bega kwa bega miaka minne, wakiwasengenya wenzao mbele ya macho yao, na wenzao wakitabasamu wakidhani wanasifiwa.

Katika hiyo miaka minne walielezana mengi. Jemima alimweleza alivyokuwa yaya katika nyumba ya tajiri mmoja Parklands, Nairobi, na kile kikombe chake cha bati kilichobanduka rangi mdomoni. Kikombe kile hakikuwekwa kabatini na vikombe vya watu. Kilikaa chini ya sinki, kando ya dawa ya mende. "Mtoto wao nilimlisha kwa mkono huu huu," Jemima alisema, "lakini kikombe changu kikigusana na chao, chao kinatupwa." Alikuwa amezoea kuisimulia hadithi hiyo kama kichekesho, na watu humchekea. Balbir hakucheka. Alikunja sambusa mbili, tatu, kisha akasema kwamba hicho kikombe anakijua. Baba yake kule Kisumu alikuwa fundi wa viatu, na babu yake India alikuwa mtu wa kutengeneza ngozi, na baba wa babu vilevile. Halafu akainamisha kichwa.

"Lakini hapa jikoni hawajui, dada. Wanadhani mimi ni wa kwao. Hili usiwaambie."

Jemima akaapa kwa jina la Yesu. Kwa nini fundi wa viatu afichwe, hakuuliza. Alidhani ni aibu ya umaskini, na umaskini yeye aliujua. Akaiweka siri ile mahali anapoweka siri zote, yaani karibu na mlango.

*

Ndoa ya watoto ilipotajwa, Walter, mumewe Jemima, alipiga simu Bungoma kumpasha habari kaka yake Ronny. Ronny ndiye mkubwa wa ukoo, na hakuna binti wa ukoo huo aliyeolewa kabla yeye hajaridhika. Alisikiliza yote, kisha akauliza kama wamechunguza.

Kuchunguza ni desturi, na si desturi mbaya. Kwao Jemima mtu haozi binti kwa watu asiowajua. Mnamtuma mtu mzima mwenye adabu kwenye kijiji cha mume, anakaa kwa majirani, anakunywa chai yao, anauliza polepole: Je, kuna uchawi katika boma lile? Kuna kifafa? Kuna aliyejinyonga? Majirani husema, kwa sababu majirani hupenda kusema. Hivyo ndivyo mabinti wengi walivyookolewa. Wengine, kweli, walikosa waume wazuri kwa ajili ya jirani mwenye kinyongo, lakini hao hawahesabiwi.

Sasa Birmingham utachunguza wapi? Jirani zake Balbir walikuwa wanafunzi upande mmoja na duka la kutengeneza simu upande wa pili. Jemima aliwaza siku mbili, hofu yake ikimla, na siku ya tatu akapata jibu ambalo lilimfurahisha sana. Angemuuliza Surinder.

Surinder alikuwa supavaiza wa jiko. Ndiye aliyeandika rota ya zamu, na ndiye aliyejua nani ameoa kwa nani kuanzia hapo mpaka Jalandhar kule India. Kila Jumapili alikwenda hekaluni kwao kupika kile chakula cha bure ambacho watu wote hukila wameketi chini, tajiri na maskini mstari mmoja, kuonyesha kwamba mbele za Mungu hakuna mkubwa. Jemima aliipenda sana habari hiyo. Aliwahi kuitolea ushuhuda kanisani.

Basi siku ya Jumatano, saa ya chai, akamfuata kwenye kiofisi chake cha vioo. Akamweleza kwa Kiingereza kilichovaa nguo za Jumapili kwamba watoto wanataka kuoana, na kwamba kwao ni desturi kuuliza. Hawa watu wa Balbir, ni watu wema? Ukoo wao ukoje?

Surinder akasema anavyojua yeye ni watu wazuri, wakulima, watu wa mashamba kama wao. Ingekuwa mtu mwingine angeshukuru akarudi kwenye unga wake. Lakini Jemima hakutaka ionekane kwamba binti yake anaolewa na mkulima tu. Akavuta kiti. Akasema, la, si wakulima, ni zaidi ya hapo. Ni mafundi. Baba yake Balbir alikuwa na duka la viatu Kisumu, na ukoo mzima tangu India ni watu wa ngozi, baba na babu na babu wa babu, kazi ya mikono, kazi ya akili. Aliyasema hayo akijisifu kama mtu anayeonyesha picha za nyumba aliyojenga nyumbani.

Surinder aliweka kikombe chake mezani taratibu. Akauliza, "Ngozi?"

"Ngozi," Jemima akasema, kwa fahari.

Ndipo akaelezwa. Surinder alieleza kwa upole mwingi, kama mtu anayekuambia una kitu kwenye meno. Kwamba watu wa ngozi si mafundi, ni watu wa chini, na chini yao hakuna mtu. Kwamba kwao kijijini wana kisima chao na njia yao. Kwamba yeye binafsi hana ubaguzi, dada yake ameolewa na Mwingereza. Ila chakula ni chakula. Na miaka tisa mwanamke yule amekuwa akishika unga.

Jemima alirudi kwenye meza. Balbir alikuwa amemkunjia sinia lake lote ili asichelewe.

*

Jumatatu rota ikabadilika. Balbir aliondolewa kwenye unga, akapelekwa kuosha masinia. Surinder alisema ni kwa ajili ya mgongo wa Balbir, apumzike. Na kila mtu aliyewahi kuinamia lile sinki la chuma kwa saa nane anajua jinsi linavyopumzisha mgongo.

Hakuna aliyemtukana. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa wenyewe walilisema mara nyingi. Ila yule aliyezoea kumpa Balbir achari akawa amesahau mkebe nyumbani, na akaendelea kuusahau. Mwingine akaanza kukumbuka kwamba tumbo lilimuuma sana mwaka juzi, na sasa ndio anaona sababu. Sambusa za Balbir walikuwa wamekula miaka tisa, wakamwomba awakunjie za harusi za watoto wao, wakasema mkono wake una baraka. Sasa mkono ule ule, ndani ya glavu ile ile ya buluu iliyotoka kwenye boksi lile lile, ukawa hauingii kwenye unga. Glavu inazuia vijidudu vyote vya duniani, bango ukutani lilisema hivyo, lakini babu wa mtu inaonekana hupenya.

Na siku ya Jumatano, Jemima alipokwenda rafuni kuchukua kikombe chake, aliona nafasi. Vikombe vya wanawake wote vilikuwa vimepangwa, cha Balbir hakikuwepo, kile cheupe chenye picha ya tausi. Alipoinama kuokota kijiko kilichoanguka ndipo akakiona. Kilikuwa chini ya sinki, kando ya dawa ya kuondoa ukungu.

Hapa mtu angetarajia Jemima afanye kitu. Yeye kati ya watu wote wa jiko lile. Hadithi ya kikombe cha bati alikuwa ameisimulia kanisani, kwenye kitchen party, kwenye basi, hata kwa daktari wa meno. Alisimama pale na kijiko mkononi, akakipangusa, akakoroga chai yake, akaenda zake.

Kwani kile kilichomwingia kichwani hakikuwa huruma. Ilikuwa ile hofu yake ya siku zote, ikiwa imepata nguo mpya. Aliwaza: kama wenyewe kwa wenyewe wanamweka chini ya sinki, mimi nampeleka mwanangu wapi? Wajukuu wangu watakuwa watu gani? Tayari hapa Uingereza tuna rangi ya kubeba, sasa tuongeze na ngozi?

Akampelekea jambo hilo Marie-Claire, mwenyekiti wa akina mama kanisani, Mkongo wa Uvira aliyejua kuomba kwa sauti. Marie-Claire alisikiliza akitikisa kichwa, akasema, "Mama, kama hata famille yao inawakataa, kuko sababu. Angaliya muzuri." Kisha wakaomba pamoja, wakimshukuru Mungu kwa kuwa amewaumba watu wote kwa mfano wake.

Jemima akampigia Angeline, akamwambia wasubiri kidogo, mwaka mmoja tu, wajuane vizuri. Angeline akauliza kwa Kiingereza ni nini tena. Mama akasema si kitu, ni mambo ya ukoo. Kisha Angeline akasema kwamba Balbir amehamishwa kazini, na Ajit alitaka kumwandikia mwenye jiko, lakini mama yake amemkataza kwa sababu amebakiza miaka miwili apate pensheni. Kuna mtu aliyesema, Angeline alisema. Balbir alimwambia mtu mmoja tu, na hataki kumtaja.

"Watu wa ukoo wao wanaitwa Dalit, Mama," akaongeza. "Ajit anataka liitwe kwa jina lake. Haoni aibu. Unaona aibu wewe?"

Jemima akasema chungu kinaungua, akakata simu. Hakukuwa na chungu jikoni.

*

Siku ya utambulisho haikuahirishwa, maana Walter, ambaye husema neno moja kwa wiki, alilitumia la wiki hiyo kusema, "Waje."

Walikuja Jumamosi mchana. Kutoka kwa Ajit walikuja watatu: yeye, mjomba wake, na Balbir aliyetoka moja kwa moja kwenye shifti ya asubuhi, vidole bado vimekunjamana kwa maji, lakini amevaa hariri ya zambarau na amebeba boksi la peremende za maziwa. Upande wa Jemima walikuwa Walter, Angeline, Marie-Claire na wanakanisa wengine wanne. Ronny alikuwepo kwenye simu, ameegemezwa kwenye chombo cha maua, uso wake ukikwama kila mara mdomo ukiwa wazi.

Watu waliokaa, ukimtoa Ronny, walikuwa kumi na mmoja. Vikombe vya Jemima vya wageni, vile vyenye utepe wa dhahabu alivyobeba kwenye begi la mkononi kutoka Nairobi, vilikuwa kumi na viwili. Hesabu hiyo iwekwe akilini.

Wakaomba. Wakatambulishana. Mjomba wa Ajit akasema maneno mazuri, Ronny akakwama, akakwamuka, akasema amefurahi. Jemima akaleta chai. Alipita na sinia akimwekea kila mtu: mjomba, kikombe cha dhahabu, Ajit, cha dhahabu, Marie-Claire, cha dhahabu, huku Marie-Claire akiangalia sana sinia lile kuona litakavyofika mwisho. Na lilipofika kwa Balbir, kilichotua mbele yake kilikuwa kikombe cha karatasi, kile cha pikiniki ya kanisa.

Jemima mwenyewe baadaye alijiambia kwamba hakupanga. Ni mkono tu. Lakini mkono ulikuwa umefungua droo, ukatoa kikombe kile, ukakitia chai, ukakiweka pembeni ya sinia tangu jikoni. Mkono ulikuwa na kazi nyingi kwa kitu ambacho hakikupangwa.

Balbir alikitazama. Akakizungusha kidogo, kama anayetafuta picha ya tausi.

"Asante, dada," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ningejua, ningekuja na kile cha kazini."

Ajit, ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia tu, alisikia vya kutosha. Akaweka chini kikombe chake cha dhahabu bila kukinywa. Mjomba akawaangalia wote mmoja mmoja. Ronny akauliza kutoka kwenye maua kama wako pale.

Angeline aliinuka. Binti huyu tangu akiwa na miaka mitano alisemeshwa Kiswahili akajibu Kiingereza, na mama yake alikuwa ameshakata tamaa. Siku hiyo aliongea Kiswahili, mbele ya wote, akikitafuta neno baada ya neno.

"Mama. Ile hadithi ya kikombe cha bati. Umeniambia hiyo hadithi tangu niko mtoto. Mimi nililia shuleni juu ya hicho kikombe." Akachukua kile cha karatasi kutoka mbele ya Balbir, akanywa chai yote akiwa amesimama, ya moto vile ilivyokuwa. "Watoto wangu wakikuja hapa, utawapatia gani? Niambie sasa, ninunue mapema."

Jemima alitaka kusema vikombe havikutosha, na viwili vilikuwa kabatini nyuma ya kioo, vikimeta, kila mtu akiviona.

Wakaondoka wanne: Ajit, mjomba, Balbir na Angeline. Boksi la peremende lilibaki mezani. Marie-Claire alisema Mungu ameingilia kati, kisha akala mbili.

*

Wiki tatu Angeline hakushika simu. Jemima alipeleka mikebe Selly Oak; ilirudishwa na msichana wa chumba cha pili, imeoshwa, mitupu, kwa heshima zote. Ujumbe alioandika ulisomwa, ile alama ya buluu ilionyesha, lakini jibu halikuja. Walter alikuwa anajua kitu, Jemima aliona hivyo usoni mwake, na alikuwa ameshona suti. Alipoulizwa, alisema ni ya kazini. Kazi yake ni kusukuma vitanda vya wagonjwa.

Ndipo Jemima akatafuta njia ya kutengeneza mambo, na kama kawaida yake akapata iliyo rahisi. Jumatatu, saa ya chai, wanawake wote wakiwepo, alikwenda rafuni, akachukua kikombe chake mwenyewe, akakipeleka mpaka kwenye sinki. Akapiga goti, goti lililokuwa na uvimbe, akakiweka chini pale kando ya kile cha tausi. Mafuta yakaendelea kulia kwenye karai. Jemima alibaki amepiga goti, machozi tayari, akisubiri kukumbatiwa.

Balbir alifunga bomba. Akavua glavu, moja, kisha ya pili. Akainama, akakitoa kikombe cha Jemima, akakisuuza, akakipangusa vizuri kwa kitambaa safi, akakirudisha rafuni mahali pake.

"Huku hukuletwa," akasema. "Una mahali pako."

Jemima akainuka kwa kujishikilia kwenye sinki. Akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini ya watu waliowahi kusengenya pamoja, "Balbir, dada, niambie tu. Harusi ni lini?"

Balbir alikuwa anavaa glavu mpya, anavuta kila kidole.

"Mtu akinipa siri," akasema, "mimi natunza."

Akafungua bomba, na maji yalikuwa na kelele.

Jemima akarudi mezani na kikombe chake. Wanawake walimpisha nafasi, nafasi nzuri, karibu na dirisha, na yule wa achari alikuwa ameukumbuka mkebe. Surinder akamwambia asijali, alimwonya mapema, na bora watoto waachane sasa kuliko baadaye. Kisha akamsogezea sukari, kama anavyosogezewa mtu wa nyumbani.